Kubadili jinsia huku Uingereza: kuhusu chumba na kazi

Mdogo wangu, umeniuliza kama ni kweli huku mtu anayebadili jinsia anapata nyumba na kazi bila maswali. Maswali yapo. Mengi hata hayatoki mdomoni mwa mtu, yanatoka kwenye karatasi zako.

Sheria ipo, tena nzuri. Sheria ya Usawa ya 2010 inakulinda tangu unapoamua kubadili, hata kama hujaanza homoni. Lakini kuna tundu ambalo mimi sikuambiwa: mwenye nyumba anayeishi humo humo, mkitumia jiko au bafu moja, katika nyumba ndogo, anaweza kukukataa na sheria hiyo isimguse. Na vyumba tunavyovimudu sisi wageni mwanzoni ndivyo hivyo.

Nilikutana na mama mmoja tukaelewana vizuri, akanionyesha hadi kabati langu la jikoni. England mwenye nyumba lazima ahakikishe una haki ya kupanga, kwa hiyo unampa msimbo wa herufi na tarakimu, jumla 9, unaoanza na R, anauingiza kwenye tovuti ya serikali na picha yako ya viza inatokea. Yangu ilikuwa na ndevu, na jina ambalo sikuwa nimemtajia. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akailaza simu kifudifudi mezani. Kesho yake nikaambiwa chumba kimeshachukuliwa.

Tangu hapo nikawa najitangulia mwenyewe. Kabla ya kwenda kuona chumba naandika ujumbe mfupi: jina ninalotumia ni hili, karatasi zangu bado zina la zamani. Wengi walinyamaza. Iliniuma sana, ila iliniokoa na fedheha ya mlangoni. Aliyejibu "sawa, njoo kesho saa kumi" ndiye ninayeishi kwake mpaka leo.

Kazi ni nafuu kidogo. CV ya huku haihitaji picha wala jinsia. Kizuizi ni barua ya mwajiri wa zamani. Kwa Kiswahili angeandika "alijituma sana" na hakuna anayejua ni mwanamke au mwanamume. Kiingereza kinamlazimisha achague "he" au "she" kila mstari. Nilimpigia bosi wangu wa zamani kabla sijatuma ombi hata moja, nikamweleza yote. Kimya. Kisha akauliza jina jipya linaandikwaje. Nililia pale pale kituo cha basi.

Ukiomba kazi ya kuhudumia wazee, na wengi wetu tunaanzia huko, rekodi yako ya uhalifu itakaguliwa na utatakiwa kutaja majina yote uliyowahi kutumia. DBS, ofisi inayokagua, ina kitengo cha watu kama sisi. Wasiliana nacho kabla ya kuwasilisha fomu, ili jina la zamani lisimfikie mwajiri. Mimi nilikijua fomu imeshaondoka.

Hati ya kubadili jina unaweza kuiandika mwenyewe mbele ya mashahidi wawili. Ila viza inafuata pasipoti, na pasipoti inatoka nyumbani, kwa hiyo utaishi na majina mawili kwa muda, pengine mrefu. Ndiyo maana nakusihi: usiache chumba ulichonacho kabla hujashika ufunguo wa kingine, hata kama hapo ulipo hupapendi.

Hukuniambia jina lako jipya. Niandikie, nianze kukuita hilo leo.