Jina Consolata: lilitoka wapi, na jinsi ya kulifuatilia katika ukoo wenu

Wengi wanaotafuta asili ya jina hili huanza kwa kumtafuta "Mtakatifu Consolata", mwanamke aliyeishi mahali fulani akafa mwaka fulani. Hawampati, kwa sababu Consolata ni jina la heshima la Bikira Maria. Chimbuko lake ni Torino, kaskazini-magharibi mwa Italia, kwenye kanisa la hija ambalo mnara wake wa kengele ni wa karne ya 11. Maana yake ni "aliyefarijiwa", ingawa waumini humkimbilia kama mfariji, na ndiyo maana huku kwetu huitwa Mama wa Faraja. Sikukuu yake ni tarehe 20 Juni. Ukiitafuta kwenye kalenda ya Kanisa zima huioni. Itafute kwenye kalenda ya Torino au ya Wamisionari wa Consolata.

Mwaka 1706 Wafaransa waliuzingira mji wa Torino, na wenyeji wakajiweka chini ya ulinzi wake. Mji haukuanguka, na ibada ikazidi kushika mizizi. Kusini kabisa, Reggio Calabria, wana Mama wa Faraja wao, na huko hata wanaume huitwa Consolato.

Jina lilivuka bahari kupitia Giuseppe Allamano, padre aliyeliongoza kanisa hilo la Torino tangu 1880, na ambaye Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2024. Alianzisha shirika la Wamisionari wa Consolata mwaka 1901. Mwaka uliofuata wanne wa kwanza walifika Tuthu, Murang'a, nchini Kenya, wakapokelewa na chifu Karuri wa Gakure, na kazi ikaenea Nyeri na Meru. Masista walianzishwa 1910. Mwaka 1919 shirika likaingia Iringa, kushika nafasi ya Wabenediktini Wajerumani walioondolewa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukijua njia hiyo, unajua pa kuanzia kutafuta.

Kama unataka kujua bibi yako alilipataje, nenda kwenye daftari la ubatizo, usitegemee orodha za majina za mtandaoni. Uliza alibatizwa kigango gani, na kigango hicho wakati ule kilikuwa chini ya parokia ipi. Hapa ndipo safari nyingi hupotea bure: parokia zimegawanywa mara nyingi, na madaftari ya zamani kwa kawaida hubaki parokia mama. Mwombe paroko mapema, ukiwa na jina la baba yake, kijiji na mwaka wa makisio. Mwaka huo uupanue sana, kwa maana wengi wa kizazi cha kwanza walibatizwa wakiwa wakubwa baada ya kumaliza mafundisho, hivyo mwaka wa kuzaliwa hautakusaidia.

Madaftari ya zamani yaliandikwa Kilatini. Ukikuta "Consolatam" au "Consolatae", ni yeye yuleyule. Mwisho wa jina hubadilika kulingana na sentensi. Kisha angalia mambo mawili ambayo watu huyaruka. La kwanza ni jina la mama wa ubatizo. Akiwa naye ni Consolata, huenda jina limetoka kwake, na itabidi umtafute yeye pia. La pili ni padre aliyebatiza. Jina la Kiitaliano kwenye daftari la Nyeri au Iringa ni dalili nzuri. Lakini kama ubatizo ni wa Iringa kabla ya 1919, au wa Rwanda ambako walianza White Fathers, shirika jingine la wamisionari, usilazimishe historia ya Torino moja kwa moja. Jina husafiri pia kwa masista, vitabu vya sala na ndoa. Kwa Kifaransa utalikuta kama Consolate. Consuelo la Kihispania ni ndugu yake wa karibu, ila lina njia yake.

Watanzania wengi watawakumbuka mapacha walioungana Maria na Consolata Mwakikuti, waliozaliwa 1996 katika hospitali ya Ikonda, Makete, na kufariki Iringa mwaka 2018. Majina yao mawili yakiunganishwa ni Maria Consolata, na kwa kweli hatujui mfano unaoonyesha vizuri zaidi jinsi jina hili lilivyokuwa la nyumbani Nyanda za Juu Kusini.

Kwa wazazi wanaotaka kumpa binti jina hili leo, tatizo kubwa ni tahajia. Lina herufi tisa: C-O-N-S-O-L-A-T-A. Mahali ambapo r na l huchanganywa, kama Kenya ya kati, karani huweza kusikia "Consorata"; kwingine hutokea "Consoleta" au "Konsolata". Cheti cha kuzaliwa kikisema hivi na cha ubatizo vile, usumbufu huanza shuleni na kuendelea hadi pasipoti. Liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mpe karani, kisha soma cheti herufi kwa herufi kabla hujaondoka dirishani. Kama mnataka Maria Consolata, amueni kabla ya ubatizo, na majina yote mawili yaandikwe kwenye vyeti vyote viwili kwa mpangilio uleule.