Raha ya Mbeya siku ya Jumanne (jibu kwa mdau aliyetoka Dar anasema mji umepoa)

Mkuu nimesoma ulichoandika. Umehamishiwa Mbeya kikazi, unakaa mtaa wa Forest, asubuhi ofisini jioni nyumbani, baridi ikianza unajifungia na simu mpaka usingizi ukuchukue, na unauliza watu wa huku raha ya siku za kawaida wanaipata wapi bila kumwaga hela. Wadau wamekujibu Matema, Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, mwingine kakwambia tafuta baa yenye nyama choma nzuri ukae karibu na moto. Sawa, sehemu zote hizo nzuri sana na mwenyewe nimefika, sema hizo ni safari. Kuna nauli, kuna kujipanga, kuna kuombea mvua isinyeshe, na ukirudi Jumapili usiku Jumatatu inakukuta ulivyo. We umeuliza siku za kawaida. Mi ntakujibu ya Jumanne, tena Jumanne ya katikati ya mwezi mshahara umeshakata.

Kwanza nijitambulishe kidogo, mi ni mama, nina steshenari ndogo maeneo ya Kabwe, natoa kopi, naprinti, nalamineti vyeti, napiga pasipoti saizi. Sijazaliwa mjini hapa, kwetu Makete, kwa hiyo hiyo baridi yako usinililie, sisi tukitoka kule tukifika Mbeya tunavua masweta.

Msimamo wangu ni kwamba mjini unaanza kufurahi siku watu wa njia yako wakikujua. Wakikujua jina sio lazima, mi kuna watu miaka yote wananiita "dada wa kopi" na inatosha. Mtu akihamia mji mpya kosa lake ni kuzungukazunguka, leo anakula hapa, kesho pale, kesho kutwa kaagiza chipsi kwa boda, kila sehemu anahudumiwa kama mpita njia halafu analalamika watu wa huku wagumu. Watu wa huku sio wagumu, wanasubiri waone kama unakaa au unapita. Mji wenyewe umekaa njiani, malori ya Zambia na Kongo yanapita katikati yake usiku na mchana kwenda Tunduma, watu wameshazoea kuona sura na kesho haipo.

Nikupe mfano wa asubuhi. Karibu na kituo ninaposhukia kuna mama anauza chai, ana jiko la mkaa, sufuria la chai ya maziwa yenye tangawizi, ndoo ya maandazi imefunikwa kitambaa na benchi moja tu ambalo limelegea mguu. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi inashuka chini ya nyuzi 10, hapo utakuta wamelizunguka lile jiko makonda, walinzi wanaotoka lindo, wanafunzi, na kaka mmoja wa benki na tai yake, wote wameshika kikombe kwa mikono miwili na hakuna anayeharakisha. Walinzi ndio wenye stori, wao wamekesha, wanajua usiku nani kapita na gari la nani limeburutwa. Sasa mi napenda andazi lililoungua kidogo pembeni, lile ambalo wateja wengine wanalikataa. Sijawahi kumwambia yule mama aniwekee. Aliona tu kwamba nalichagua, siku zikaenda, nikawa nikifika nakuta keshaliweka pembeni juu ya kipande cha gazeti, na akija mtu analitaka anamwambia hilo lina mwenyewe. Mkuu, nakwambia siku nzima inaanza vizuri kwa sababu ya andazi lililoungua. Ukinunua andazi zuri supamaketi hupati hiyo kitu.

Halafu kazini kwenyewe. Najua we uko ofisini na viyoyozi na bosi, sijui mambo yenu, ila kazi yoyote inayokutanisha na watu ina vituko ukivitazama badala ya kutazama saa. Kuna siku alikuja mzee na mkewe wametoka huko Umalila, mzee anataka picha za fomu. Nikamkalisha kwenye kistuli, nyuma nimetundika kitambaa cha bluu, mzee akavua kofia akaomba kitana. Kichwani hana unywele hata mmoja. Mkewe aliyekuwa kasimama mlangoni akaangua kicheko, "unachana nini wewe?" Mzee wala hakucheka, akachukua kitana akachana nyusi, taratibu, upande huu na upande huu, akasema "niache bana, hii picha itakaa ofisini kwa watu". Foleni nzima ya waliokuwa wanasubiri kopi ilikufa kwa kicheko. Nikampiga picha. Alipomaliza, mkewe akauliza kwa sauti ya chini na yeye akipigwa bila fomu ni shilingi ngapi, nikamwambia kaa hapohapo na mzee. Wakakaa, kistuli kimoja wanakigawana, mama kabla sijabonyeza akainuka akamnyoosha kola, akakaa tena, akainuka akafuta vumbi begani, mzee anajifanya kukasirika na huku kanyoosha shingo asaidiwe vizuri. Nikawatolea moja kubwa. Walilipa, ila hata wasingelipa ile siku yangu ilikuwa imeshalipwa.

Na vijana wa intavyuu jamani. Kijana anakuja kaazima shati, mikono imefika kwenye vidole, anaprinti CV, foleni nzima inageuka kamati: mmoja anamwambia toa hiyo "napenda kuangalia mpira", mwingine anamfunga tai upya. Watu hawajuani kabisa. Akitoka wote wanamuombea.

Nje ya duka langu kuna kijiwe cha wazee wa drafti. Ubao wenyewe wamechora kwa rangi kwenye plaiwudi, kete ni vifuniko vya soda, huyu anavilaza huyu anavifunua, kingi unabebanisha viwili. Kelele zao utadhani wanagombea shamba, "kula! lazima ule! kaacha kula huyu!" Mmoja wao ni mstaafu wa reli, ujana wake aliingia kibarua kwenye ujenzi wa TAZARA, ile reli ilianza kujengwa 1970 na 1975 ikawa imefika Kapiri Mposhi Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar. Yeye alikuwa kipande cha Mlimba kwenda Makambako, kile chenye mahandaki na madaraja mengi, ambacho ndio kilikuwa kigumu kuliko vyote. Mpaka leo akikula kete zako anahesabu Kichina, "yi, er, san", anazipanga mbele yako kwa dharau kabisa. Mi nikiwa sina mteja nasimama barazani nasikiliza. Nimejua historia ya reli yetu pale kuliko nilivyofundishwa shuleni, na kila akisimulia wanambishia wenzake, wanamwambia we ulikuwa unapika uji tu huko, anakasirika, anafungwa, ndio lengo lao.

Hapo nichomekee kitu kwa wenye watoto: siku yenye treni peleka mtoto stesheni ya TAZARA pale Iyunga. Hailipiwi kuangalia. Lile jengo kubwa, dari iko juu huko, mtoto akipiga kelele sauti inamrudia anashangaa, na treni yenyewe ikichelewa kwake sio tatizo, anasubiri na karanga zake mkononi.

Sasa daladala. Najua watu wa Dar daladala mnaihesabu kama adhabu, na sasa hivi barabara kuu inapanuliwa foleni zetu zimekuwa kweli. Ila we jaribu kutoa earphone masikioni. Juzi kati natoka Uyole, mama kapanda na kiroba cha parachichi ametoka nazo Rungwe anapeleka Mwanjelwa, dereva akafunga breki za ghafla, kiroba kikachanika. Parachichi zikamwagika gari zima, chini ya siti, mlangoni, nyingine imemfikia dereva miguuni. Ikabidi gari lisimame. Abiria wote tumeinama tunatafuta parachichi za watu, mzee mmoja kaziweka kwenye kofia, wanafunzi wanatambaa chini, konda anahesabu kwa sauti kama mnadani. Ikapatikana kandambili ya mtu ambayo hakuna aliyejua ya nani. Mama alivyokuwa kwanza kakasirika anamtukana dereva, mpaka tunafika Soweto anacheka machozi yanamtoka, akagawa moja moja kwa waliookota. Kuna kaka muda wote huo alikuwa na simu, hakuinua miguu, parachichi moja ilikuwa chini ya kiatu chake. Huyo hakupewa.

Sokoni nako usiende kama unaenda kufanya malipo. Chagua mtu mmoja wa nyanya, mmoja wa viazi, mmoja wa ndizi za Tukuyu, rudi kwa hao hao. Bei wanakutajia kubwa makusudi ili mzungumze, ukilipa bila kubisha wanakushangaa. We mwambie "mama hii ni nyanya au dhahabu ya Chunya", akujibu vibaya, umjibu, mwisho anakutupia nyongeza ya karoti mbili. Akiwa Mnyakyusa mpe "ugonile" hata kama lafudhi yako imepinda, atawaita na wenzake waje kusikia, ila bei itashuka.

Kuna kipindi mji mzima ulijuana, msimu wa 2013/14, Mbeya City ndio kwanza imepanda ligi kuu, ikamaliza ya tatu mbele ya timu zenye majina. Siku za mechi pale Sokoine zambarau ilikuwa kila kona, mama ntilie kajifunga khanga ya zambarau, boda kafunga kitambaa, usiyemjua anakukumbatia. Mi mpira sijui offside ni nini mpaka leo. Nilikuwa nafunga duka naenda. Kwa hiyo hata kama we ni Yanga au Simba wa kutoka huko, timu za hapa zikicheza nenda, kaa upande wenye kelele.

Tuseme na ukweli mwingine ili usije ukasema sikukwambia. Kujulikana kuna gharama. Ukizoeleka utakopwa. Utaletewa kadi ya mchango wa harusi ya mtu ambaye humjui hata sura, utaulizwa mbona hujaoa, ukipita na mgeni jioni kesho asubuhi kwenye chai wameshamjadili mpaka viatu. Mwanzoni inaudhi, na mwishoni pia inaudhi kidogo. Ila yule mama wa chai alipofiwa, kibanda kikafungwa, wale wa benchi, makonda, walinzi, yule wa benki, tulichangishana tukakodi Coaster tukaenda msibani kwao. Watu ambao hatujui majina tumekaa gari moja, na kaka wa benki ndio alikuwa anashika daftari la michango. Mambo ya kukaa ndani na simu hayakupi watu wa namna hiyo, na siku ukiumwa homa hapo Forest peke yako utanielewa.

Wengine hapo juu wamesema mambo ya kutembea mlimani asubuhi, Loleza huyo anaonekana mji mzima, sipingi, mi mwenyewe kabla sijatoka namwangalia kama kavaa wingu ili nijue nianike nguo au nisianike. Ila kutembea mlimani peke yako kama ulivyokuwa peke yako ndani, mi naona hapo umehamisha kuta tu.

Kwa hiyo kuanzia wiki hii fanya hivi. Chai ya asubuhi usinywe nyumbani, tafuta jiko moja kwenye njia yako ya kazini na uende hapohapo kila siku, usiende na watu wa ofisini kwenu maana mtakaa kuongelea ofisi. Mvua zikianza kuna wanaochoma mahindi jioni barabarani, simama uyale palepale, usifungiwe kwenye mfuko. Daladala kaa siti ya nyuma kule wanakobishana. Na ukipata nafasi Jumamosi mchana pita Kabwe uulize wazee wa drafti, utaelekezwa, wanaupenda sana uso mpya kwa sababu sisi wengine wameshatufunga wakachoka. Njoo na vifuniko vya soda, vya bluu vimepungua.