Baada ya Uzamili, Ed.S.? Majibu kwa Walimu Walioko Marekani

Barua za wasomaji safari hii zimeelemea upande mmoja: shahada ya Education Specialist, ambayo walimu wa Marekani huiita Ed.S. Iko juu ya uzamili lakini haifiki uzamivu. Kwa kawaida ni krediti 30 hivi baada ya uzamili, na anayefundisha mchana na kusoma jioni huimaliza kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kila jimbo lina kanuni zake, ndiyo maana majibu hapa chini hayafanani.

Shikamooni. Nafundisha hesabu sekondari karibu na Atlanta na nina cheti cha T-5. Wenzangu watatu wanasoma Ed.S. ya uongozi kwa mtandao, wananiambia mshahara unapanda papo hapo. Nijiunge nao? — Mwalimu wa Hesabu, Georgia

Marahaba, mwalimu. Usilipe ada bado.

Georgia hupanga vyeti vya walimu kwa namba: T-4 ni shahada ya kwanza, T-5 uzamili, T-6 Ed.S., T-7 uzamivu. Jedwali la mishahara la jimbo linafuata ngazi hizo hizo, kwa hiyo kuhusu T-6 wenzako wako sahihi. Tatizo ni neno "uongozi". Georgia, shahada ya uongozi haimwongezei mshahara mtu ambaye hajashika nafasi ya uongozi. Unaweza kuhitimu, ukapiga picha na joho, kisha Jumatatu ukarudi darasani kwa mshahara ule ule wa T-5. Kama mwakani unategemea kuwa naibu mkuu wa shule, hilo ni jambo jingine. Kama unabaki na ubao wako, tafuta Ed.S. inayolingana na fani iliyoandikwa kwenye cheti chako.

Anzia kwa tume ya vyeti ya jimbo, GaPSC. Chuo kifuate baadaye. Tovuti ya tume ina sehemu ya kukagua kama shahada fulani itakupandisha ngazi. Jaza fani yako, jina la chuo na jina kamili la programu, halafu hifadhi jibu. Afisa udahili wa chuo akikuambia "walimu wengi wa Georgia wanasoma kwetu", hajakujibu swali lako. Kisha uliza ofisi ya utumishi ya wilaya yako: cheti kipya kikitoka katikati ya mwaka wa shule, mshahara mpya unaanza lini?

Hesabu za fedha wewe ndiye mwalimu wake, lakini watu husahau pensheni. Mfuko wa walimu wa Georgia hukokotoa asilimia 2 kwa kila mwaka wa kazi, mara wastani wa mshahara wa miezi 24 mfululizo iliyo ya juu kabisa. Tuseme T-6 inakuongezea dola 5,000 kwa mwaka (namba ya mfano tu, yako iangalie kwenye jedwali la wilaya) na utastaafu na miaka 20 kazini. Asilimia 40 ya 5,000 ni 2,000, nazo utazipata kila mwaka baada ya kustaafu. Kwa hiyo hata mwenye miaka minne mitano tu iliyobaki asikate tamaa kabla ya kupiga hesabu.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini hukwamisha wengi. Alama za kozi ya mwisho zikitoka, watu hukimbilia kutuma transkripti siku hiyo hiyo, nayo inarudi. Tume haitazami alama peke yake. Inataka ule mstari unaosema shahada imetunukiwa, wenye tarehe, na mstari huo huingizwa baadaye, chuo kikishafunga kumbukumbu za muhula. Subiri uuone kwa macho yako ndipo utume.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, nina grini kadi na uzamili wa hapa, na ninafundisha Louisville. Je, ni lazima nisome Ed.S. ili nifike Rank I? — Mama Baraka, Kentucky

Si lazima, mama. Kentucky hupanga walimu kwa ngazi ziitwazo Rank: Rank III ni shahada ya kwanza, Rank II uzamili, na Rank I hupatikana kwa krediti 30 za juu ya uzamili zilizoidhinishwa. Ed.S. ni njia moja ya kuzifikisha. Ila kuokota kozi hapa na pale hakutoshi. Ziwe ndani ya mpango uliokubaliwa kabla hujaanza kuzisoma.

Njia nyingine ni cheti cha kitaifa cha National Board. Kina sehemu nne, kila moja dola 475, jumla 1,900, pamoja na dola 75 za usajili kila mwaka. Ni nafuu kuliko ada ya chuo, lakini kina jasho: utarekodi video za darasa lako na kuandika uchambuzi mrefu wa kazi za wanafunzi. Anayependa kuandika afuate njia hiyo. Anayehitaji mwalimu wa kumsukuma kila wiki, chuo kitamfaa zaidi.

Ukichagua chuo, grini kadi inakuruhusu kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Mkopo wa serikali kuu kwa masomo ya ngazi hii una ukomo wa dola 20,500 kwa mwaka. Kabla ya kukopa, uliza mwajiri: msaada wa ada hadi dola 5,250 kwa mwaka hautozwi kodi.

Niko hapa kwa visa ya mwanafunzi, F-1, namaliza uzamili wa ushauri nasaha. Nataka kuwa mwanasaikolojia wa shule. Ed.S. itanifaa? — Kijana wa Morogoro, Ohio

Kwako wewe Ed.S. ndiyo mlango wenyewe wa kuingilia kazini. Chama cha wanasaikolojia wa shule, NASP, kinataka angalau krediti 60, miaka mitatu ya masomo ya muda wote, na mafunzo kazini ya saa 1,200, ambazo 600 kati yake lazima ziwe shuleni. Juu yake kuna mtihani wa Praxis. Baadhi ya kozi zako za ushauri zinaweza kuhesabiwa, lakini usitegemee mwaka mzima kupungua.

Upande wa visa, angalia mambo matatu. Mafunzo kazini yatahitaji CPT, yaani kibali cha kufanya kazi iliyo sehemu ya masomo, na CPT ya muda wote ikifika miezi 12 unapoteza OPT, kile kibali cha kufanya kazi katika fani yako baada ya kuhitimu. Mwaka wa shule huwa kama miezi kumi, kwa hiyo unapita, mradi hujatumia miezi mingine kabla katika ngazi hiyo. CPT ya saa 20 au pungufu kwa wiki haiingii kwenye hesabu hiyo. Pili, kozi za mtandaoni: ni moja tu, isiyozidi krediti tatu, inayohesabiwa katika mzigo wa muda wote, hivyo zile programu za mtandao mtupu si zako. Tatu, OPT hutolewa mara moja kwa kila ngazi ya juu zaidi. Mwombe mshauri wa wanafunzi wa kigeni akuoneshe Ed.S. itaandikwa ngazi gani kwenye I-20 yako, ile hati ya chuo inayoshikilia visa yako, kabla hujakubali nafasi.

Chuo kimekataa transkripti zangu za shahada ya kwanza kutoka Dar es Salaam. Nilizipiga picha vizuri kabisa. — Dada wa Houston

Picha haitoshi, dada. Chuo kinataka tathmini ya kozi kwa kozi kutoka taasisi kama WES au ECE, na WES hupokea transkripti za nyumbani zikitoka kwa msajili wa chuo moja kwa moja, si mikononi mwako. Ikiwa ni bahasha, iwe imefungwa na mhuri upite juu ya ulimi wake. Ikifunguliwa tu, imekufa. Linganisha pia majina. Cheti chenye majina matatu na pasipoti yenye mawili huleta maswali, kwa hiyo andaa hati ya kiapo mapema.

Nitarudi Tanzania kufundisha chuo kikuu. Ed.S. itahesabiwa kama uzamivu? — Msomaji, Minnesota

Hapana. Kwenye mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, uzamili uko ngazi ya 9 na uzamivu ya 10, Ed.S. haina ngazi yake hapo katikati. Kenya nako ni 9 na 10 vilevile. Omba uzamivu wenyewe, Ed.D. (uzamivu wa elimu) au PhD, moja kwa moja. Kama tayari umeanza Ed.S., imalize kisha tafuta chuo kitakachopokea krediti zake kwenye uzamivu, na usikawie: vyuo vingi huzikataa zikishapita miaka sita au saba.