Maswali ya wasomaji: futresti za mbele kwa safari ndefu, nichague zipi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi ni mtu wa safari ndefu na pikipiki, kilomita 500 mpaka 600 kwa siku, sasa kila nikifikisha kama masaa mawili barabarani magoti yanaanza kuuma kwa ndani, nikishuka hata kunyooka siwezi. Wenzangu wamefunga futresti (vile vya kukanyagia miguu) za ziada mbele kwenye bampa, lile bomba la chuma linalokinga injini, wananyoosha miguu huku wanatembea. Nataka na mimi ila aina ni nyingi mpaka nachanganyikiwa, kuna fupi, kuna zenye mkono, za kukunja, za raba, za chuma tupu. Nianzie wapi, na je ni salama?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na pole sana na magoti. Kitu ambacho wengi wanakiruka ni hiki: usianze kuchagua futresti, anza kuchagua pale mguu utakapokaa. Mi za kwanza nilinunua kwa macho tu, nikafunga, siku hiyo hiyo nikajua ziko mbele mno, mguu umenyooka kabisa, nusu saa baadae goti limepoa kweli lakini kiuno ndo kinawaka. Sababu ni kwamba mguu ukinyooka wote halafu ukawa juu, msuli wa nyuma ya paja unavutika, nao unavuta nyonga kwenda nyuma, mgongo wa chini unapinda na uzito wote unahamia kwenye kifandugu. Hapo maumivu yamehama tu, hayajaisha.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela vaa zile buti unazosafiria, panda pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi ya kati au mwenzako kaishika, kaa vile unavyokaa ukiwa barabarani, mikono kwenye usukani, afu peleka mguu mbele taratibu mpaka usikie goti limepumua. Liache limekunjika kidogo, kisigino kisipande kufika usawa wa siti, na mabega yasivutwe mbele. Ukipapata hapo mwenzako aweke alama ya tepu kwenye bampa na apime toka kwenye chuma mpaka kwenye soli. Kama soli inagusa chuma pale pale, basi wewe ni wa futresti fupi inayofungwa moja kwa moja. Kama soli imebaki nyuma sentimita 8 au 10, unahitaji yenye mkono, yaani kipande cha chuma kinachoitoa futresti kwenye bampa mpaka ikufikie mguuni. Rudia mguu wa pili pia, maana upande mmoja unaweza kukuta kuna pedeli ya breki au ekzosi inakubana.

Ila mkono nao una gharama yake. Ukikanyaga mwisho wa mkono wa sentimita 10, nguvu inayojaribu kuizungusha klempu (kile kibanio kinachoishika futresti kwenye bomba la bampa) ni mara mbili ya ile ya mkono wa sentimita 5. Chukua mfupi kadri mwili wako unavyoruhusu, usichukue mrefu eti utarekebisha mbele ya safari.

Klempu hapo usibahatishe kabisa. Mabampa mengi ni bomba la milimita 25, 28 au 32, na klempu ya 32 kwenye bomba la 28 haikai hata ukazungushia raba nyumba nzima, itazunguka tu. Kama huna kipimo zungusha uzi kwenye bomba mara moja, upime huo uzi, gawa kwa 3.14. Uzi wa milimita 100 ni bomba la 32, uzi wa 90 ni la 28 na ushee, uzi wa 80 ni la 25. Pima pale pale kwenye alama yako, na hapo pawe pamenyooka, klempu kwenye kona ya bomba inashika kwa ncha mbili tu.

La kukunja ni lazima, hapa sibembelezi. Futresti ya mbele imetoka nje ya pikipiki, ukilala kwenye kona inaweza kuwa ya kwanza kugusa lami. Inayokunja inapanda juu na wewe unasikia mkwaruzo kama onyo, isiyokunja inaweza kunyanyua tairi. Hata pikipiki ikianguka wakati haitembei, ile ngumu inakuwa wenzo wa kupindisha bampa lako. Angalia inakunjika kwenda juu na kurudi nyuma, sio kurudi mbele.

Raba au chuma? Kama injini yako ina mtetemo, chukua raba nene, vidole havifi ganzi haraka. Chuma chenye meno kinashika vizuri kwenye matope ila mtetemo wote unaupokea wewe. Kwa lami na masafa marefu mi nachukua raba yenye mifereji, mvua ikinyesha maji yana pa kupita.

Sasa usalama. Mguu wako wa kulia ukiwa mbele hauko kwenye breki. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa unapita karibu mita 28 kila sekunde moja, kwa hiyo ukitumia sekunde moja tu kuurudisha mguu ndo hizo mita 28 umeshazila hujagusa breki ya nyuma. Nyoosha miguu barabara ikiwa nyeupe mbele yako na imenyooka, ukiona makutano, kona, changarawe, mifugo au gari linataka kukupita, rudisha miguu kwanza. Na usikae hapo saa zima, badilisha: dakika kumi mbele, kumi nyuma, na kila saa moja na nusu au mbili shuka utembee. Kinacholiponya goti ni kule kubadilisha mkao.

SWALI: Fundi mi nina BMW ya silinda mbili zilizolala kulia na kushoto. Nikitaka kupeleka mguu mbele nakutana na silinda. Nifanyeje?

JIBU: Injini hizo miguu inakaa nyuma ya silinda, ni kweli mbele kumezibwa, na wa Honda Gold Wing yenye silinda sita zilizolala wanalijua hilo. Kuna za kufunga zikapita juu ya silinda au mbele yake, lakini jaribu kwanza kukaa umeweka mguu pale injini ikiwa ya moto, shavu la mguu na suruali visiguse kichwa cha silinda. Kama panakubana, achana nazo. Shusha futresti za kawaida sentimita 2 au 3, au nyanyua siti, goti litafunguka bila kwenda mbele. Ukishusha tu kumbuka kurekebisha pedeli ya breki na ya gia zifuate mguu, na kwenye kona futresti zitagusa chini mapema kidogo.

SWALI: Habari kaka. Mimi ni dada mfupi, nimefunga futresti za mume wangu lakini nikizifikia najikuta nimeteleza mbele ya siti, na kwenye spidi upepo unanitanua miguu.

JIBU: Nzuri dada. Zile zimepimwa kwa mguu wake, sio wako. Zirudishe nyuma kwa kufunga zenye mkono au zishushe kwenye bampa mpaka uzifikie huku makalio yamegusa nyuma ya siti, la sivyo kila ukivuta breki utaendelea kuteleza. Upepo ni kweli, mguu ukiwa nje unaupokea wote na paja linachoka kuuzuia, kuzisogeza ndani karibu na injini kunasaidia sana.

SWALI: Zangu zinageuka chini kila baada ya siku mbili tatu, nakaza zinageuka tena.

JIBU: Usiendelee kukaza tu, bolti itakatika. Fungua klempu, futa grisi na vumbi lote kwenye bomba, angalia kama rangi imekwanguka na kuteleza, weka kipande chembamba cha raba ndani, paka kwenye nyuzi za bolti gundi ya kuzuia nati kulegea, funga bolti zote kidogo kidogo kwa zamu ili klempu ibane sawa pande zote. Kaza tena baada ya kilomita 100 za kwanza. Halafu geuza usukani kulia na kushoto mpaka mwisho uone kama buti haigusi madigadi wala shokapu, na ikigusa, sogeza kabla hujaondoka.