Tawi ulilolichagua asubuhi lisipotee mchana

Niliwahi kutengeneza programu ya Access (mfumo wa Microsoft wa kutunza data kwenye majedwali) kwa duka moja la jumla pale Darajani. Duka lina maghala mawili Pemba, Chake Chake na Wete, na makarani wawili wa Unguja ndio wanaoingiza mauzo ya kote. Nikawawekea fomu ya mwanzo: karani akifungua asubuhi anachagua tawi, kisha kila fomu na kila ripoti inafuata tawi lile.

Wiki ya pili bi mkubwa mwenye duka akanipigia simu. "Mwanangu, pesa kwenye droo zipo, kwenye ripoti hazipo. Zimekwenda wapi?"

Kumbe kosa langu. Namba ya tawi niliihifadhi kwenye kigeu cha jumla, yaani kihifadhi thamani kinachosomwa na programu nzima, ndani ya moduli ya VBA, lugha ya msimbo ya Access. Kinafanya kazi vizuri, mpaka litokee kosa ambalo hukuliandikia msimbo wa kulidaka. Karani akiacha bei wazi, linakuja dirisha la kosa namba 94 (thamani tupu imetumika pasipofaa), naye anabonyeza End aendelee na shughuli zake. Papo hapo vigeu vyote vya jumla vinafutika. Namba 3 ya Wete ikageuka 0, na tawi namba 0 halipo. Mauzo yakaingia kwenye jedwali, lakini ripoti inaunganisha mauzo na matawi, basi yakawa hayaonekani. (Ningelifunga uhusiano wa majedwali sawasawa, Access ingeikataa ile 0 tangu mwanzo. Uvivu wangu, nakiri.) Siku mbili tulikaa sakafuni na marundo ya risiti tukirudisha kila uzo kwenye tawi lake.

Tangu hapo natumia TempVars, vigeu vya muda vya Access yenyewe, zilizokuja na Access 2007. Karani akishachagua tawi kwenye kisanduku cha orodha (nimekiita cboTawi), msimbo ni mstari mmoja:

TempVars!TawiID = Me.cboTawi.Value

Hiyo .Value usiiache. Bila yake Access itaona unaipa kisanduku chenyewe na itakutupia kosa 32538, kwa sababu TempVars hubeba data tu. Hakikisha pia safu inayorudishwa na orodha ni ya namba ya tawi, si ya jina.

Kosa likitokea na karani akabonyeza End, thamani inabaki. Kwiri, yaani ombi la kuchuja data, nayo inaisoma moja kwa moja, unaandika [TempVars]![TawiID] kwenye kigezo; kigeu cha jumla hakisomeki humo mpaka ukiundie funksheni. Na kama haijawekwa kitu, inarudisha Null, yaani hakuna thamani, si 0 ya kukudanganya. Kwa hivyo kabla ya kuhifadhi mauzo naipima kwa IsNull, ikiwa tupu namrudisha karani kwenye fomu ya mwanzo.

Wazee wa Access huificha fomu ya mwanzo badala ya kuifunga, kisha huisoma kwa Forms!frmMwanzo!cboTawi. Si mbaya. Ila fomu ikifungwa kwa bahati mbaya, kila kitu kinalalamika.

Umeme ukikatika, njia zote mbili haziponi. Chaguo la mwisho naliandika kwenye jedwali dogo ndani ya faili la mbele (lenye fomu na ripoti) la kila kompyuta, si kwenye faili la data wanalochangia, la sivyo karani wa pili atafunguliwa na tawi la mwenzake. Hata hivyo, hilo ni pendekezo tu. Karani lazima alithibitishe.

Mwisho nikaandika jina la tawi kwa herufi kubwa juu ya kila fomu. Juzi mmoja wao kanipigia: "Kaka, mie naingiza mzigo wa Wete, mbona juu pameandikwa Chake?" Alikuwa hajahifadhi hata risiti moja.