Jibu: Kutembelea uwanja wa Tiananmen, Beijing

Karibu Beijing, dada. Umeuliza kama saa moja inatosha Tiananmen, na kama unaweza kufika tu bila kuweka nafasi. La pili ni hapana: jiandikishe mtandaoni mapema kwa namba ya pasipoti, na siku yenyewe uibebe pasipoti halisi, si kivuli chake. Utapitia foleni ya ukaguzi. Kiberiti usiwe nacho.

Saa moja itaishia kwenye foleni hiyo. Uwanja una urefu wa karibu mita 880 na upana wa mita 500, wote sakafu ya mawe, na kivuli ni cha kutafuta. Jua la Julai litakuchoma. Vaa kofia, na viatu ulivyokwisha kuvizoea.

Mimi nakusihi uende alfajiri, bendera inapopandishwa jua likichomoza. Siku niliyokwenda mimi, mbele yangu mzee mmoja alikuwa amembeba mjukuu mabegani, mtoto kashika kibendera chekundu. Wimbo ulipoanza, umati mzima ulinyamaza. Hapo ng'ambo ndiyo roshani ya Lango la Tiananmen, ambapo kiongozi Mao Zedong alitangaza Jamhuri ya Watu wa China, Oktoba 1, 1949.

Kaburi lake limo humo humo uwanjani, ila Jumatatu hufungwa.

Jambo moja hutaliona kwenye kibao chochote: Juni 1989 jeshi liliwapiga risasi waandamanaji mjini humu, wengi wao wakiuawa katika barabara zinazoelekea uwanjani. Mimi nilisimama kimya kidogo kwa ajili yao.