Jibu: Mwalimu wa ushauri nasaha atamsaidia mwanangu, ama atamripoti tu?

Dadangu wa Likoni, umeuliza kama umwone mwalimu wa ushauri nasaha kuhusu mwanao wa Gredi ya 6 aliyenyamaza tangu babake ahame nyumbani, na unaogopa ataishia kuchapwa. Mwone. Viboko vilipigwa marufuku hapa Kenya na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na kazi ya mwalimu huyu si kuadhibu.

Nimeifanya kazi hiyo miaka kadhaa huku Kisauni. Nilikuwa na kijana akilala darasani kila siku, walimu wakimwita mvivu. Sikumuuliza kwa nini analala, nilimuuliza jana alikula nini. Kumbe usiku alikuwa akimsaidia mamake kuuza viazi karai hadi saa tano! Tukazungumza na mama, tukawaeleza walimu wake, akaruhusiwa kumalizia kazi ya ziada shuleni. Basi, hapakuwa na miujiza.

Siri za mtoto mwalimu huyu anazitunza, isipokuwa akigundua mtoto anaumizwa au yuko hatarini. Hapo lazima afikishe kwa afisa wa watoto, na usimlaumu. Nawe ukikwama usiku, 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure.

Ila ujue wengi wetu tunafundisha vipindi kama wengine, ushauri tunauchomeka katikati. Usimvizie getini asubuhi. Omba miadi, mwambie lini mtoto alianza kubadilika, anakula vipi, analala vipi. Na mtoto mwambie mapema kwamba unakwenda, asije akahisi amesalitiwa.